Asali Iliyoganda na Dhana Iliyotangulia



Alasiri moja baada ya swala tulikuwa tumeketi barazani kwetu, akaja mama mmoja wa mtaani pamoja na mwanawe. Baada ya salamu alitoa chupa ndani ya mkoba, akaiweka mbele yetu kama mtu aletaye ushahidi mbele ya kadhi.

"Sheikh, tazama kwa macho yako. Nimeuziwa sukari nikaambiwa ni asali."

Tulitazama. Nusu ya juu ya chupa ilikuwa na asali ya rangi ya chai ya rangi, na nusu ya chini ilikuwa nyeupe, nzito, imeshikana kama samli ya asubuhi ya baridi. Tulichota kwa kijiko tukaonja. Chembe zilikwaruza ulimi kama sukari iliyomwagwa mezani.

Alitueleza kuwa aliinunua miezi miwili nyuma, ikiwa majimaji na safi. Akaitia kwenye friji isiharibike. Siku hiyo aliitoa kumnywesha mwanawe mwenye kikohozi, akaikuta hivyo.

Aliyemuuzia tunamjua. Ni mjane wa mtaa wetu ambaye huletewa asali kwa madebe kutoka Kitui, akaitia chupani na kuiuza mlangoni pake, na kwa hiyo asali hulisha na kusomesha wanawe. Siku ile tulipoletewa chupa, maneno yalikuwa yamekwisha kutangulia. Yalisemwa katika ukumbi wa harusi, yakarudiwa katika kikao cha chama, na wateja watatu walikuwa wamekwisha kurejesha chupa zao wakidai fedha.

Nasi, wasomaji, tulisema neno ambalo latuuma mpaka leo. Tulimwambia mama yule kwamba kughushi bidhaa ni dhambi kubwa, na kwamba tutamwita muuzaji tumwonye. Hatukusema tutamwuliza. Tulisema tutamwonya.

Magharibi ilipopita aliingia mpwa wetu wa kike, ambaye husomesha kemia katika shule ya sekondari. Aliiona chupa mezani, akasikiliza kisa chote, kisha akauliza swali moja tu: "Mjomba, asali hii ilikuwa imewekwa wapi?" Tulipomjibu kuwa ilikuwa kwenye friji, alisema, "Basi kabla hujamwita mtu, nipe sufuria, sukari na maji." Tuliyojifunza jikoni usiku ule ndiyo tunayoyaleta kwenu leo.

Maji yana shibe yake

Tukitia kijiko cha sukari katika gilasi ya maji tukakoroga, sukari hutoweka machoni ingawa utamu wake umebaki. Mchanganyiko wa namna hii wanakemia huuita mmumunyo. Tukiendelea kuongeza sukari, hufika wakati maji hayapokei tena, na chembe hulala chini ya gilasi hata tukikoroga mpaka mkono uchoke. Hapo mmumunyo umeshiba.

Shibe hiyo ina kipimo, na kipimo hubadilika kwa joto. Gramu 100 za maji katika joto la nyuzi 20 hubeba takriban gramu 200 za sukari. Maji hayohayo yakifikia mchemko hubeba zaidi ya gramu 450. Joto humpanulia maji tumbo, tukipenda kusema hivyo.

Sasa lipo swali ambalo ndilo kiini cha makala hii. Tukiyashibisha maji yakiwa moto, kisha tukayaacha yapoe, ile sukari iliyozidi huenda wapi? Sote tungedhani kuwa itashuka chini papo hapo. Mara nyingi haishuki. Mmumunyo ukipozwa polepole, bila kutikiswa na bila kuingiwa na chembe yoyote, hubaki mwangavu na mtulivu, nao umebeba mzigo ambao kwa kipimo cha joto lake hauwezi kuubeba. Huu ndio mmumunyo uliopindukia shibe.

Sababu yake ni hii. Ili sukari igande na kuwa fuwele, molekuli zake zahitaji kujipanga safu kwa safu, kama matofali ya ukuta. Safu ya kwanza ndiyo ngumu. Molekuli chache zikikutana hutawanyika tena kabla hazijashikana. Lakini ikiwapo tayari chembe moja iliyojipanga, hata iwe ndogo kiasi gani, zilizobaki hupata msingi wa kujengea. Chembe hiyo wanakemia huiita mbegu.

Mlijua kabla ya kuambiwa

Mpwa wetu alipofika hapa, mama wa nyumba yetu alicheka. "Haya ndiyo mambo ya shira," alisema. Naam, ni kweli. Wanawake wa pwani wamekuwa wakiitawala elimu hii vizazi kwa vizazi.

Fikirini kaimati na visheti. Vyote viwili huhitaji shira ya sukari iliyochemshwa, lakini kila kimoja chataka tabia yake. Shira ya kaimati yatakiwa ibaki nyororo na ing'ae. Shira ya visheti yatakiwa iwe nzito zaidi, na visheti vikishatiwa ndani hugeuzwageuzwa kwa mwiko mpaka sukari igande na kuwavika vazi jeupe. Mpishi wa visheti hutengeneza mmumunyo uliopindukia shibe kwa kuchemsha maji yapungue, kisha kwa mwiko wake huulazimisha uutue mzigo. Mpishi wa kaimati hufanya kila hila usiutue.

Mojawapo ya hila hizo ni ndimu. Wengi wetu twadhani ndimu hutiwa kwa ajili ya ladha tu. Ukali wa ndimu pamoja na moto huikata sehemu ya sukari ya kawaida ikawa sukari mbili nyingine, glukosi na fruktosi. Hizi huingia kati ya molekuli za sukari ya kawaida na kuzizuia kujipanga, mithili ya mawe ya maumbo tofauti yaliyochanganywa na matofali: fundi hapati ukuta ulionyooka. Na bibi zetu waliposema shira isikorogwe inapopoa, na kwamba sukari iliyoshika ukingoni mwa sufuria ipanguswe, walikuwa wakizuia mbegu bila kuiita jina hilo.

Jaribio la nyumbani

Mzazi apendaye kuwaonesha watoto na afanye hivi. Atie mililita 200 za maji katika sufuria safi, aongeze nusu kilo ya sukari, apashe kwa moto wa wastani akikoroga mpaka isionekane hata chembe moja. Aepue, amimine katika gilasi mbili safi zinazostahimili joto, azifunike kwa karatasi, aziache zipoe bila kuguswa. Katika joto letu la pwani maji hayo yanastahili kubeba kiasi cha gramu 430 tu, hivyo kila gilasi imepindukia shibe yake.

Zikishapoa kabisa, atumbukize katika gilasi moja uzi uliopakwa punje za sukari, na ya pili aiache kama ilivyo. Baada ya siku kadhaa fuwele zitakuwa zimekua juu ya uzi, kubwa na zenye pembe kama mawe ya pete. Gilasi ya pili huenda ikabaki shira tupu. Ikiganda nayo, basi ilibaki chembe ambayo haikuyeyuka, na hilo pia ni somo.

Tahadhari moja: mtoto asimimine shira ya moto. Huwa moto kupita maji ya mchemko, nayo hushika ngozini. Akiungua, mkono uwekwe chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20, wala tusipake dawa ya meno.

Njia nyingine mbili

Kushibisha kwa joto kisha kupoza si njia ya pekee. Chumvi ya kula haiitiki kwa njia hiyo, kwa kuwa gramu 100 za maji huchukua takriban gramu 36 za chumvi katika joto la kawaida, na zikichemka huongeza gramu tatu tu. Kwa chumvi, njia ni kuyapunguza maji. Ndivyo ifanyikavyo katika mabwawa ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Maji ya bahari huwa na kiasi cha gramu 35 za chumvi kwa lita. Jua na upepo huyakausha mpaka yabaki kama sehemu moja ya kumi, ndipo chumvi ianze kujitenga.

Njia ya tatu ni mgandamizo, nayo hutumika kwa gesi. Kiwandani gesi ya kaboni dayoksaidi husukumwa kwa nguvu ndani ya kinywaji, na chupa ikafungwa. Tufunguapo kifuniko nguvu ile huondoka ghafla, kinywaji kikawa kimebeba gesi kuliko kinavyoweza. Povu hutoka, nalo huanzia penye mkwaruzo au chembe. Mbegu tena.

Waliolaumu hewa

Katika karne ya 19 wanakemia wa Ulaya walishangazwa na jambo moja. Walichukua chumvi iitwayo salfati ya sodiamu, wakaiyeyusha katika maji moto mpaka shibe, wakaufunga mmumunyo chupani. Ulipoa ukabaki maji. Walipofungua kizibo hewa ikaingia, uliganda mara moja. Mfaransa Gay-Lussac alikuwa miongoni mwa waliolichunguza. Wako waliodhani kuwa mtikiso ndio sababu, na wako walioilaumu hewa yenyewe.

Baadaye ikadhihirika kuwa hewa ikichujwa kupitia pamba haigandishi kitu. Katika miaka ya 1860 Désiré Gernez, aliyekuwa mwanafunzi wa Louis Pasteur, alionesha kwamba kinachogandisha ni vumbi la chumvi ileile lililokuwa likielea hewani, dogo lisiloonekana kwa jicho. Hewa ilikuwa imesingiziwa. Ilikuwa imebeba tu.

Mpwa wetu alituambia kuwa shuleni huwaonesha wanafunzi jambo hili kwa asetati ya sodiamu, chumvi itokanayo na siki. Fuwele zake huyeyuka katika nyuzi 58. Zikishayeyuka zikapozwa kwa utulivu hubaki majimaji, lakini punje moja ikidondoshwa hugeuka barafu nyeupe kwa muda wa sekunde chache, na chombo kikapata moto mkononi. Katika nchi za baridi watu hutembea na vifuko vya chumvi hiyo mifukoni ili vipashe mikono yao moto.

Nyuki na mzigo wake

Sasa turudi kwenye chupa yetu. Asali yenyewe ni mmumunyo uliopindukia shibe, na aliyeutengeneza ni nyuki.

Nekta aitoayo nyuki katika maua aghalabu zaidi ya nusu yake ni maji. Nyuki huikata sukari yake kwa kimeng'enya ikawa glukosi na fruktosi, kisha huipepea kwa mbawa usiku na mchana mpaka maji yapungue. Asali iliyoiva huwa na maji asilimia 17 au 18 hivi, na kanuni za kimataifa za chakula, Codex Alimentarius, kwa kawaida zataka yasizidi asilimia 20. Kilichobaki karibu chote ni sukari: fruktosi kiasi cha asilimia 38 na glukosi kiasi cha asilimia 31. Surat an-Nahl imemtaja nyuki na kinywaji kitokacho tumboni mwake, na kila tuijuapo kazi yake zaidi ndivyo tunavyozidi kumtukuza aliyemfunza.

Tufanye hesabu. Katika gramu 100 za asali mna gramu 17 za maji na gramu 31 za glukosi. Lakini maji hayo, kwa joto la nyuzi 25, yangestahili kubeba glukosi takriban gramu 16 tu. Asali imebeba karibu maradufu. Fruktosi huyeyuka kwa wepesi, hivyo hubaki majimaji. Glukosi ndiyo isubiriyo sababu ya kuganda. Ikiganda huwa nyeupe na hushuka chini, na juu yake hubaki asali nyepesi. Ndiyo sura ileile tuliyoiona chupani.

Na sababu za kuganda ni zilezile tulizozitaja. Mbegu zimo: chavua na chembe ndogondogo za nta. Baridi nayo huongeza. Mzingani nyuki hutunza joto la nyuzi 34 au 35, na joto la Mombasa haliko mbali na hilo, ndipo asali yetu ikakaa miezi mingi bila kuganda. Mama yule aliitoa katika joto hilo akaitia kwenye friji. Alidhani anaihifadhi, kumbe anaiita glukosi itoke.

Usiku ule mpwa wetu aliiweka chupa katika sufuria ya maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono wastahimili bila shida, kiasi cha nyuzi 40. Akayabadilisha kila yalipopoa. Kabla ya kulala chupa nzima ilikuwa imerudi rangi ya chai. Hakuiweka motoni, kwani moto mkali huiharibu asali harufu na manufaa yake.

Hata hivyo alituonya tusiruke kutoka kosa moja hadi jingine. Kuganda si dalili ya uongo, na pia si cheti cha ukweli, kwa sababu aliyechanganya asali na sharubati ya glukosi nayo yaweza kuganda. Wala kudondosha tone majini au kuwasha njiti ya kiberiti iliyochovywa hakutoi hukumu ya kutegemewa. Hakika ya jambo hili hupatikana maabara. Kwa mnunuzi wa kawaida, dhamana ni kumjua muuzaji na kumwuliza.

Na maadamu tumeitaja asali na watoto, hatuna budi kukumbusha jambo ambalo madaktari wanasisitiza: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali hata kidogo, iwe imeganda au haikuganda. Huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo changa haliwezi kuvishinda, vikamletea maradhi mazito ya kupooza misuli. Anayemfanyia mwanawe tahniki na atumie tende iliyolainishwa, nayo ndiyo Sunna.

Tulivyoimaliza shauri

Asubuhi yake tulikwenda mlangoni kwa muuzaji. Hatukumwita kwetu. Tulimweleza tuliyosikia, tuliyosema, na tuliyojifunza, tukamwomba radhi kwa neno letu. Alisikiliza kimya, kisha akasema, "Sheikh, mimi nilijua huganda. Lakini nani angeniamini mimi, nami ndiye niuzaye?"

Neno hilo lilitunyamazisha. Surat al-Hujurat imetutahadharisha na dhana, na imetuamuru tuhakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Aya hizo tumezisomesha madrasani kwa miaka mingi. Siku tuliyohitajiwa kuzitumia, tulimtuma mashtaki atangulie na uchunguzi ufuate.

Mama mwenye chupa tulimrudishia asali yake, tukamweleza yote. Aliona haya sana. Tulimwambia kuwa haya peke yake haitoshi, kwani neno lililosemwa mbele ya watu halifutwi faraghani. Akaenda, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, akasimama katika kikao kilekile cha chama akasema kuwa alikosea. Wateja wawili katika wale watatu wamerudi. Wa tatu bado. Na waliosikia ukumbini siku ya harusi hatuwajui wote.

Siku hizi muuzaji hubandika kikaratasi juu ya kila chupa, kimeandikwa kwa mkono: "Isiwekwe kwenye friji. Ikiganda, itie katika maji ya uvuguvugu." Mpwa wetu ndiye aliyemwandikia cha kwanza. Wenye asali iliyoganda majumbani mwenu, na wafanye hivyo leo, na aliyekwisha kumsema muuzaji wake kwa sababu ya asali kama hiyo anajua pa kwenda.

Wabillahi tawfiq.